Bwana Mto na Swali la Jopo

Jopo la usaili lilikuwa na wajumbe wawili: mwanangu na mto wa kulalia. Mwanangu alivaa tai juu ya fulana, na chini alikuwa na pensi, maana alisema mwenyekiti wa jopo huonekana nusu ya juu tu. Mto ulikaa kwenye kiti cha pili, umevalishwa shati la marehemu mume wangu. Mbele yao alikaa mkwe wangu, mke wa mwanangu, daktari wa kweli, mikono mapajani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Mto ule tunauita Bwana Mto. Tangu kiharusi kilipoukamata mkono wangu wa kulia, mkwe huniletea huyo bwana kila asubuhi nimfunge vifungo, nimfungue, kisha nimfunge tena. Vile vikubwa vya kifuani nilikwisha kuviweza. Vidogo vya mwisho wa mikono ndivyo vilivyonishinda, mimi niliyewahi kushona sare za shule nzima. Kuna siku nilimtupa Bwana Mto sakafuni nikamwambia akatafute mke mwingine. Mkwe akamwokota, akamkung'uta vumbi, akamrudisha mapajani kwangu.

"Mkishapatana mniite," akasema, akaenda zake jikoni.

Nilipougua nilikuwa siwezi hata kujigeuza kitandani. Wauguzi wawili wa kukodi waliletwa na wote wawili waliondoka, na sina haja ya kueleza kwa nini. Ndipo mkwe akaaga kazini. Alisema fundi wa majokofu, yaani mumewe, hawezi kumfundisha mtu kutembea. Akakaa na mimi miaka mitatu. Sasa natembea, nasema, tena nasema kupita kiasi, na hospitali iliyo karibu na soko imetangaza nafasi moja ya daktari.

Aliitaka nafasi ile. Nilimwona akilisoma tangazo amesimama, chai yake inapoa, akilirudia kama mtu anayesoma habari za kwao. Nami nilitaka aipate kwa moyo wangu wote, na papo hapo niliogopa. Nikiteleza bafuni mchana, nani angenishika?

Mwenyekiti wetu wa mazoezi akakohoa. "Daktari, mgonjwa ameletwa anahema kwa shida na vitanda vimejaa. Unaanzia wapi?"

Mkwe alijibu vizuri, jambo baada ya jambo, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinitulizia nilipokuwa nalia. Hata Bwana Mto nadhani aliridhika.

"Vema. Sasa, tunaona hapa miaka mitatu hukufanya kazi popote. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa najiendeleza kimasomo," akasema mkwe.

Mwanangu hakuuliza swali lililofuata. Alinitupia jicho mimi niliyekuwa kwenye kochi nakunja taulo.

"Mwenyekiti," nikasema, "mwambie arudie. Nataka kujua mimi ni somo gani."

"Mama," akasema mwanangu.

"Hesabu? Jiografia?"

Mkwe aliinuka, akaja kukaa karibu yangu, upande wa mkono mgonjwa, ambako hukaa siku zote.

"Mama, nikiwaambia nilikuwa namuuguza mama mkwe, wataniuliza, je, akiugua tena? Wataniona mtu wa kuondoka. Na wewe watakuona mzigo wakati hata sura yako hawaijui. Sitaki watu nisiowajua wakuite mzigo."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, na sasa ugomvi wenyewe haukuwa na pa kukaa. Kumbe alikuwa akinificha kama mtu anavyoficha kitu chake cha thamani. Lakini mimi mdomo wangu haujui kunyamaza.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia.

"Maradhi gani tena, Mama? Si umepona."

"Kama nimepona, mbona unanificha?"

Alichukua taulo mojawapo akaikunja upya, kwa sababu nilikuwa nimeikunja vibaya. Mwanangu alivua tai na usaili ukaahirishwa.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa naingia chumbani na Bwana Mto na kufunga mlango. Mwanangu alinitania kwamba sasa ndoa imekolea. Mwacheni acheke. Kidole kimoja hakivunji chawa, na changu chenye nguvu katika mkono ule kilikuwa hicho hicho kimoja, dole gumba. Kwa mkono wa kushoto nilikaza kitambaa, kwa dole gumba la kulia nikakisukuma kifungo kwenye tundu lake. Kikateleza. Nikasukuma tena. Nilimtukana marehemu mume wangu kwa kupenda mashati ya vifungo vidogo, kisha nikamwomba radhi.

Asubuhi ya usaili mkwe alitoka chumbani amevaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu niliyomshonea siku alipohitimu udaktari. Alikuwa ameandaa kila kitu, vyeti viko kwenye bahasha, viatu vinang'aa. Ila kifungo cha mkono wa kushoto kilimshinda. Vidole vilikuwa vinamtetemeka. Nje, teksi ilipiga honi.

"Lete nikufunge," mwanangu akasema.

"Wewe kafunge majokofu," nikamwambia, nikamgeukia mkwe. "Mwanangu, lete mkono."

Mkwe alinitazama usoni, akaja, akanyoosha mkono wake juu ya goti langu. Nikakaza kitambaa. Kifungo kikateleza. Honi ikapigwa tena na mwanangu akatoka kwenda kumsihi dereva. Kikateleza mara ya pili, na nikahisi jasho shingoni. Mtu mwingine angeuvuta mkono wake, angesema basi, Mama, acha tu. Yeye hakuuvuta wala hakunisaidia. Alikaa akinisubiri, kama alivyonisubiri kwenye kila ngazi na kila kijiko, na kadiri alivyokaa ndivyo mkono wake ulivyozidi kutulia kwenye goti langu.

Kifungo kikapita.

Alikiangalia kwa muda. Nilitaka kumwambia neno kubwa, la kumbariki, na nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa hili: "Ukikaa usipinde mgongo."

Alirudi mchana. Nilimsikia akivua viatu mlangoni, taratibu mno, nikajua hakuna habari njema. Alikuja kukaa upande wake uleule.

"Wameuliza," akasema.

"Ukawajibu masomo."

"Niliweka mkono mezani. Nikawaambia nilikuwa na mgonjwa mmoja kwa miaka mitatu, mama yangu, na kifungo hiki amekifunga yeye asubuhi ya leo."

Alisema mama yangu, hakusema mama mkwe. Nilijifanya sikusikia ili nisilie mapema.

"Wakasemaje?"

"Waliuliza kile kile. Akiugua tena je?"

"Nilikuambia mimi," nikasema, ingawa aliyeniambia ni yeye. "Nawe?"

"Nikasema nitaomba ruhusa, kama mtu mwingine yeyote mwenye mama."

Nilifumba macho. Kazi imekwenda, nikajisemea, na iliyoipeleka ni midomo yangu na mithali zangu.

"Yule mama mwenyekiti wa jopo lao akafunga faili langu," mkwe akaendelea. "Kisha akaniuliza naweza kuanza lini."

Nikafumbua macho. Alikuwa analia na kucheka, na pua inamchuruzika.

"Na ukasema lini?"

"Jumatatu. Mchana jirani atakuwa anakuja kukuangalia, nilishaongea naye. Usimfukuze."

"Nitajitahidi."

"Mama."

"Nimesema nitajitahidi."

Akaniwekea mkono wa kushoto juu ya goti. "Haya, nifungue, nikapike."

Kufungua ni rahisi kuliko kufunga, yeyote aliyewahi kushona anajua hilo. Ningeweza kumaliza mara moja. Niliukaza mkono wa blauzi, nikaweka dole gumba juu ya kifungo, nikakawia makusudi, naye akanisubiri.