Bundi Ametoweka, Mti Unatoweka

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu mpole hata kuku hamwogopi. Mchana ule alikuja mbio na toroli la miche hadi mlango wa chumba changu cha baridi, akaugonga kwa ngumi.

"Fungua! Mashine yangu ya baridi kule kitaluni imeungua, na fundi anasema mpaka kesho."

Ndani anakaa bundi wangu. Namwita Bwana Mkubwa. Ni ndege aliyekaushwa, wa mwisho wa aina yake kubaki popote, na mimi ndiye mtunzaji wake hapa makumbusho. Yeye anataka baridi kavu. Miche ya shemeji, msonobari wa milimani uliobaki miti ya kuhesabika, inataka baridi yenye unyevu. Wakikaa pamoja, ukungu utamla bundi. Akipelekwa kwenye joto, gundi inayomshikilia italainika.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," nikamwambia. "Rudisha toroli lako."

"Shemeji, inanyauka! Na mbegu nyingine hatuna."

Nilitazama. Yale majani membamba kama sindano yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia nchani. Roho iliniuma, lakini sikubanduka mlangoni.

"Huyu ni wa mwisho," nikasema.

"Vibao vyote vya makumbusho uliandika wewe. Cha bundi kinasemaje?"

"Ametoweka."

"Na cha mti?"

"Unatoweka."

"Basi, tofauti ni 'me' na 'na' tu. Mimi bado niko kwenye 'na', nawe umeniziba njia."

Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli. Bundi watu walimmaliza kwa kumwogopa, eti analeta mikosi. Mti wanaumaliza kwa kuupenda, kwa kuwa mbao zake zinanukia. Safari yao ni moja, ila mmoja keshafika.

Lisilo budi hutendwa. Niliingia, nikampakata Bwana Mkubwa, nikatoka naye ukumbini. Joto lilitupokea. Haukupita muda nikahisi kifua chake kinalegea mikononi mwangu, manyoya yakaanza kudondoka sakafuni. Nililia kwa sauti kama mfiwa, wala sikuona haya.

Shemeji alisimama kama aliyepigwa na butwaa. "Pole, shemeji. Pole sana."

"Pole ya nini?" nikamfokea, nikiushikilia mlango wazi kwa mgongo. "Pitisha miche!"