Wagonjwa wa Bwawa Lisilochimbwa

Jumanne moja katikati ya Oktoba, saa mbili na robo asubuhi, Evarista, tabibu wa zahanati ya Ng'holongo, upande wa Mvumi, alikuwa amekwama kwenye swali la saba. Fomu ilitoka mjini, kurasa kumi na nane, na kichwa chake kilikuwa kirefu kuliko foleni ya maji: Tathmini ya Athari za Kiafya Kabla ya Uamuzi wa Kuchimba Bwawa. Swali la saba liliuliza nani ataumwa, na ataumwa nini. Jibu alilijua. Maji yakituama konokono huja, na konokono akija kichocho hakichelewi. Ila fomu ilitaka ushahidi, na bwawa lenyewe bado lilikuwa korongo la mchanga.

Ndipo akaingia mgonjwa wa kwanza, suruali imelowa hadi magotini.

Mvua haikuwa imeonekana tangu Aprili, na maji ya karibu yalikuwa mwendo wa punda wa saa mbili. Evarista alimwambia tu asilowanishe mizani. Mtu mwenyewe alikuwa Nikodemo, mwenyekiti wa kijiji, isipokuwa mvi zilikuwa zimemjaa na uso umemsawajika.

"Mbukwa, dokta. Nakojoa damu tena."

"Tena? Tangu lini?"

"Si uangalie daftari."

Lilikuwa daftari la matibabu kama la mtu yeyote, jalada limechakaa kwa kukaliwa. Tarehe 14 Machi 2036, mwaka ambao bado haujafika. Kichocho sugu, kibofu kimeathirika, apelekwe hospitali. Mwandiko ulikuwa wa Evarista mwenyewe, ule ule uliolala upande kama nyasi za kiangazi.

Akamsimamisha kwenye fimbo ya kupimia urefu, ile inayoonyesha mtu ameze vidonge vingapi vya kichocho, akamhesabia vyake, kisha akajaza swali la saba kwa furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu siku ya cheti chake. Wino ulikuwa haujakauka, akaingia wa pili, ametota. Kufika saa sita walikuwa thelathini na mmoja, wote wa pale pale kijijini, kila mmoja na daftari lake, na sakafu ya zahanati ikawa haina haja ya kupigwa deki.

Nikodemo wa sasa akaja kuuliza kwa nini foleni imefika uwanjani. Akajikuta mwenyewe, yule mwenye mvi, ameketi kwenye benchi.

"Wewe ndiyo umezeeka hivi?" akamuuliza.

"Nimezeeka au umenizeesha? Kila jioni ulikuwa unaoga mle pamoja na ng'ombe wako."

"Kwa hiyo maji yalikuwepo?"

"Mpaka ukingoni."

Nikodemo wa sasa akatoka nje mbio na kuwatangazia watu kwamba bwawa limethibitishwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Waliolowa nao, pale kwenye benchi, wakapiga.

Evarista hakulipinga bwawa. Angelipingaje, naye asubuhi alinawa uso kwa kikombe kimoja? Kwenye ukurasa wa kumi na nne aliomba vitu vitatu tu: birika la kunyweshea mifugo nje ya bwawa, bomba la kuchotea ili watu wasiingie majini, na vyoo. Na kwa kuwa sasa ushahidi ulikuwa na miguu, akaamua kuupeleka mjini.

Walipanda lori la Mudrick, mfanyabiashara wa Kondoa aliyekuwa akipeleka mahindi sokoni.

"Dokta, watu wako wataniozeshea magunia."

"Si wangu. Ni wa mwaka thelathini na sita."

"Basi mwaka huo na uniazime turubai."

Njia nzima waliimba, na Evarista akaimba kuliko wote.

Kamati ya tathmini iliwapokea vizuri. Walitandikiwa magazeti chini ya miguu ili zulia lisilowe, wakapewa chai na maandazi, wakasaini mahudhurio. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Cornel, alisoma madaftari yote thelathini na moja bila kuruka hata moja.

"Dada yangu," akasema, "miaka ishirini nimekaa kiti hiki, sijaona ushahidi mzuri kama huu."

Moyo wa Evarista ukapiga kama ngoma ya jando.

"Tatizo ni dogo tu. Hii ni tathmini ya kabla. Hawa ni wa baada. Mwaka thelathini na sita waje, tutawasikiliza."

"Mwaka huo bwawa litakuwa limeshachimbwa."

"Ndiyo maana ya baada."

Nikodemo mzee akanyoosha mkono, akauliza kama watajibiwa kwa maandishi. Bwana Cornel akasema barua itatumwa.

"Ilishafika," akasema mzee, akaitoa mfukoni, imelowa. "Mnatushukuru kwa ushirikiano."

Bwana Cornel akaitazama sahihi iliyokuwa chini yake.

"Kumbe nitakuwa bado kazini," akasema, akamrudishia kwa mikono miwili.

Ukurasa wa kumi na nne ukachomolewa kwa uangalifu, ukawekwa kwenye jalada la awamu ya pili. Bwawa likapitishwa kabla ya chakula cha mchana.

Lilichimbwa, na mvua za kwanza zikalijaza mpaka ukingoni, kama ilivyosemwa. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, ngoma za Kigogo zikalia, na kijiji kizima kikatelemka majini na ng'ombe wake, watu wakirushiana maji na kucheka hadi kukohoa. Hata Evarista alinawa uso mara tatu, kwa viganja vyote viwili. Kisha akarudi ukingoni, akaichomeka ile fimbo ya urefu kwenye tope na kufungua katoni ya vidonge.

Pembeni yake alisimama Nikodemo mzee, ameshika shati na viatu vya Nikodemo wa sasa, aliyekuwa majini hadi kifuani.

"Yakoje?" mzee akauliza.

"Ya baridi. Matamu."

"Nakumbuka," akasema mzee, akavinyanyua viatu juu kidogo visilowe.