Gharama ya Mikono ya Epifania

Siku walipomzika mama mkwe wake, Herieth alifika kutoka Kasulu kaburi limeshafukiwa. Alimsalimu wifi yake Epifania ile salamu ndefu ya Kiha, akamshika mikono yote miwili juu ya viwiko, kisha akaiinua ngozi iliyolegea na kuitikisa.

"Mawe, mama yangu! Wifi, hii ni mikono au mapazia?" Sauti yake haikuwa ya msibani. "Siku hizi hospitalini wanakata. Nenda ukakatwe, ni hela ndogo tu."

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo waliinamisha vichwa. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Zamani, Epifania alipokuwa akiuza mawese sokoni Kasulu, alikuwa mnene wa kujaza mlango. Mama alipopooza alifunga biashara akarudi Kibondo. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, hadi unene wote ukamwisha na ngozi ikabaki inaning'inia. Kaka yake Venanti, mume wa Herieth, alikuja mara chache, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Herieth hakumwogesha mama hata siku moja. Alisema harufu ya mgonjwa hawezi kuivumilia.

Lakini yale maneno, hela ndogo tu, Epifania hakuyasahau. Akataka kujua ni ndogo kiasi gani. Akaenda kwa daktari Nickson, kijana wa Mbeya aliyepangiwa Kibondo, aliyekuwa akimtibu mama.

"Hapa hatufanyi, mama yangu. Utakwenda Dar," daktari alimwambia. "Na wakikutajia bei kwenye simu, uliza ni ya nini. Mara nyingi ni ya mpasuaji peke yake. Dawa ya usingizi mbali, chumba cha upasuaji mbali, vipimo mbali, kitanda mbali. Kuna nguo ya kubana mikono. Kuna nauli, na pa kulala hadi wakague vidonda. Bima watasema ni urembo, hawalipi."

"Jumla yake?"

"Mamilioni. Uza nyumba na shamba, bado utapungukiwa."

"Na nikizipata?"

"Utabaki na kovu refu toka kwapani hadi kiwiko. Halafu wiki kama sita hushiki jembe, hunyanyui ndoo. Siku za mwanzo hata kuoga unaogeshwa. Hiyo ndiyo gharama wanayoisahau watu. Una mtu?"

Epifania aliitazama mikono yake. "Nitampata," alisema.

Siku ya kumaliza matanga, baba yao mdogo, Kipriani, alisimama uani mbele ya ukoo na majirani. Aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye dai kwa marehemu au kwa wanawe aseme, maana dai likiwa halijalipwa urithi haugawanywi. Herieth alikuwa amekaa mbele kabisa. Alikuwa ameshawaambia watu kwamba kwenye kipande cha shamba la marehemu kilicho kando ya barabara atajenga duka.

Epifania akasimama. Alieleza yote aliyoambiwa na daktari, moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti.

Herieth akacheka. "Kwa hiyo tukulipie urembo, wifi?"

"Hela sitaki. Hata huna, ingawa ulisema ni ndogo. Na kukatwa sikatwi. Mikono hii niliipata nikimnyanyua mama mkwe wako. Naidai ile gharama ya mwisho. Wiki sita. Unilimie, unichotee maji, uniogeshe."

"Dada," Venanti alinong'ona, "tuyaongelee ndani."

"Mama naye alikuwa ndani, Venanti."

"Basi nikutolee mbuzi."

"Mbuzi ataniogesha?"

Safari hii waliocheka hawakujificha. Kipriani alingoja kicheko kiishe, akasema dai lina haki, na shamba halitakatwa hadi liishe. Herieth alimgeukia mumewe. Venanti alikuwa anatazama chini.

Jumatatu asubuhi Herieth alikuja, kucha zake bado nyekundu. Epifania alikuwa ameshakaa kwenye kigoda ndani ya bafu la matete, akachovya kidole kwenye ndoo.

"Ya baridi. Kapashe."

Akaenda. Akarudi.

"Sasa yamezidi. Changanya."

Ng'ambo ya ua majirani walikuwa wameacha kuongea. Herieth alimwaga maji, akasugua mgongo haraka haraka, kama anayesugua sufuria. Alipofika kwenye mikono akasita.

"Nyanyua basi, wifi."

Epifania hakunyanyua. "Mama hakuweza kunyanyua. Nilikuwa namnyanyulia."

Herieth akapitisha kiganja chini ya ile ngozi, akaibeba, akaanza kuosha chini yake, uso ameugeuzia pembeni.

"Tazama unapoosha," Epifania alisema. "Polepole. Na mkono wa pili bado."