Dude la Baba na Kisanduku cha Joto

Mjomba aliingia na kamba begani, akanikuta nimepiga magoti sakafuni, bisibisi mdomoni.

"Mpwa wangu, toa mikono hapo. Gari liko nje, dude la baba yako linaondoka leo."

"Kaa kitako kwanza, mjomba! Nipe dakika moja tu!"

Dude lenyewe ni amplifaya ya gitaa ya zamani, ya zile valvu za kioo zinazowaka kwa wekundu ndani. Baba alipiga nayo miaka yote ya bendi. Tangu aanze kuugua masikio, sauti kubwa inamtia kizunguzungu mpaka anashika ukuta, ndiyo maana akaamua kumpa mjomba aipeleke kwenye bendi ya kina mjomba. Roho iliniuma jamani. Nilijua fika kwamba dude likiondoka, na gitaa lililoning'inia ukutani halitashuka tena.

Mwanzoni nilidhani ni jambo la kupunguza sauti tu. Nikazungusha chini, likatoa kasauti kembamba, kama redio yenye betri zilizochoka. Nikalifunika godoro, likawa kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Baba aliinuka akaenda zake.

"Bora liondoke kuliko nilisikie hivi," alisema.

Hapo nikapandwa na hasira, na mimi nikikasirika nafanya kazi. Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, umeme nazijua tabia zake. Utamu wa valvu hutoka zikifanyishwa kazi kwelikweli; ukizibembeleza zinazubaa. Basi kwa nini nizibembeleze? Ziache zifanye kazi yote, halafu njiani, kabla ya kufika kwenye spika, nguvu nyingi iliwe iishie kuwa joto! Nikafunga rezista, kile kizuizi cha umeme, nene kama kidole gumba juu ya bamba la alumini, ndani ya kisanduku chenye matundu. Nikapima, nikarudia kupima, maana hesabu ikikosewa transfoma inaungua, na hapo ningekuwa nimeliua dude la baba kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa, mjomba akinisubiri, nikakaza skrubu ya mwisho, nikalishusha gitaa. Baba alikuwa kitini, uso ameukunja. Nikazungusha sauti mpaka mwisho kabisa.

Mjomba akaziba masikio. "We mtoto una wazimu! Utamuangusha baba yako!"

Nikapiga kodi, nyuzi zote kwa mpigo mmoja.

Lo! Sauti ilitoka ndogo, tungeweza kuongea bila kupaza, lakini ilikuwa yenyewe! Nikigusa nyuzi taratibu inaimba safi. Nikichapa inakoroma ule mkoromo wa kukwaruza niliousikia tangu utotoni. Nilipiga kelele kuliko gitaa. Mjomba alitoa vidole masikioni, akaanza kucheka peke yake.

Baba hakucheka.

"Ni yenyewe," alisema. "Lakini haifiki mgongoni."

Nilinyong'onyea. Jukwaani alikuwa akipiga huku ameliegemea dude lake, muziki unampitia mwilini kabla ya kufika masikioni. Hicho ndicho kilichomezwa na kisanduku changu, na sikuwa na rezista ya kukirudisha.

"Haya mjomba," nikasema. "Chukua."

Mjomba akainama, akazungusha kamba mara ya kwanza.

"Ngoja," alisema baba.

Akakivuta kigoda mpaka mbele ya dude. Akaketi akiwa amelielekezea mgongo, kisha akajisogeza nyuma polepole mpaka mgongo wote ukalala kwenye kitambaa cha spika.

"Piga."

Nikapiga. Hakushika ukuta, hakuyumba. Alifumba macho, mabega yakamshuka, na mguu wa kulia ukaanza kugonga sakafu. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, hata sioni nyuzi ninazozishika.

"Kodi ya pili unaikosea," alisema bila kufumbua macho. "Siku zote unaikosea. Hebu lete hapa."

Nikampa gitaa. Vidole vilikuwa vigumu, vikateleza, vikarudi, halafu vikakumbuka. Kisanduku kilikuwa cha moto hata kingeweza kupiga pasi shati, na baba alikuwa anapiga!

Mjomba alisimama katikati ya chumba, ncha ya kamba mkononi.

"Sasa shemeji, mimi nabeba nini? Gari lenyewe nimeazima!"

"Beba kamba yako," alisema baba, na hakuacha kupiga.