Ngiri ya Fundi Vioo

...na kalamu yenyewe imefungwa uzi, kana kwamba mtu aliyevuliwa suruali anaweza kuiiba, aifiche wapi, anawaza fundi vioo, huku nesi akisema, "Hapa, baba, jamaa wa karibu asaini," na yeye anaitikia kwa kichwa kama ameelewa, jamaa wa karibu ni mkewe, yuko nje kwenye benchi, na anachojua ni kwamba mumewe amekuja kupasuliwa ngiri... ngiri, uongo aliouropoka siku alipoanza kutembea amepanua miguu, na mkewe akauamini, akamchemshia maji ya kujikanda, akamtafutia suruali pana... "Daktari alikueleza, sivyo?" ndiyo, alieleza, taratibu kabisa, watakata ngozi yote iliyooza, watatoa mabonge, watachukua ngozi ya paja wafunike uume, na huenda ukafanya kazi tena na huenda usifanye, huenda, neno gani hilo la kumwambia mwanaume mchana kweupe, feni inazunguka na jasho linamtiririka... miezi minane tu iliyopita, chumba cha nyuma cha kinyozi, kinyozi kavaa glavu, kashika sindano, "Dakika tano tu, kaka, inanenepa, shemeji mwenyewe atashangaa," na chupa haina hata karatasi ya jina, akainusa, harufu akaijua, yeye, mtu wa silikoni, gundi ya kubandikia vioo, miaka kumi na saba, anayewaambia wateja kila siku kwamba hii ikishashika haitoki ila kwa wembe, akainusa na bado akalala chali, mpumbavu, mpumbavu kabisa... "Baba, unanisikia?" anamsikia, ila anasikia zaidi kikohozi cha nje, kikavu, mara mbili, angekitambua hata katikati ya umati, mkewe hukohoa hivyo akiwa na hofu, na juzi akikunja nguo alisema bila kumtazama, "Ngiri gani hii inayokufanya uogope hata kunishika mkono?" naye akajichekesha, akatoka nje... alitaka kumfurahisha, basi, lakini mkewe alilalamika lini, anatafuta siku, neno, hata jicho moja la dharau, miaka kumi na miwili, hapati, yeye ambaye hajawahi kukata kioo kabla ya kumuuliza mwenye nyumba anataka dirisha la namna gani, hili hakumuuliza mtu, na mkewe akisaini kwa ajili ya ngiri, halafu ile huenda ikawa hapana, ataishi na mume anayemgeuzia mgongo bila kujua kwa nini, atadhani amechokwa, atajitazama kwenye kioo atafute kasoro yake... kalamu bado inaning'inia kwenye uzi, feni bado inazunguka, nesi bado anasubiri, na hofu bado ipo, haijapungua hata chembe, ila imehama, imetoka kwenye kisu imekwenda kukaa pale nje kwenye benchi.

"Nimwite mama asaini?"

"Mwite, dada. Lakini usimpe kalamu kwanza, kuna jambo sijamwambia."