Kagari ka Sebarenzi

Sebarenzi alitoa mtamba mzuri, mwenye mimba ya kwanza, akaleta nyumbani chuma chenye kutu. Ndivyo mkewe Kamaliza alivyowasimulia majirani wote wa mlimani juu ya Kashuga, na hakuna aliyeweza kumsahihisha.

Chuma hicho kilikuwa gari ndogo ya mbio, ya viti viwili, isiyo na paa. Mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe aliiacha bandani zamani alipoondoka nchini, na tangu hapo kuku walilala ndani yake. Viti vilioza, na moteri na magurudumu vilikwenda na watu. Wanaume waliibeba begani kama maiti mpaka uani, Sebarenzi akitembea mbele na kuwasihi wasiikwaruze, kana kwamba kulikuwa na mahali palipobaki pa kukwaruza.

Kamaliza aliizunguka mara moja.

"Papa Uwitonze," alisema, kwa jina la kifungua mimba wao, "mutamba baba yangu alinipa iko wapi?"

"Mama, ngojea kwanza. Hii gari, tukiitengeneza, hakuna muntu mwingine iko nayo huku kwetu."

"Na kipindupindu pia, hapa nyumbani hakuna muntu iko nayo. Utaileta lini?"

Sebarenzi aliuza maziwa ya mgando, mashanza, kwenye soko la Mweso. Kuhusu magari alijua kuyasukuma yanapozama matopeni, basi. Vipuri vya gari ile vilikuwa Ulaya, kama bado vilikuwapo, na yeye hakuwa na uwezo wa kuviagiza. Aliamua kutumia chochote atakachopata. Alisafiri mpaka Mubi, akapata moteri ya taksi iliyokufa, akarudi juu ya lori amekumbatia moteri ile, pamoja na fundi Isidore, mtu wa Walikale mwenye maneno mengi.

Kamaliza alimdharau Isidore tangu alipotia mguu uani. Alikula kama mtu anayejenga kanisa, na kila alipokosea alisema gari ndiyo iliyokosea. Moteri ilikataa kuingia. Isidore akakata kifuniko cha mbele kwa msumeno, akachomelea juu yake bati la pipa la mafuta, gari ikaota nundu kama fahali. Kwa kuwa ilikuwa chini mno kwa barabara zetu, wakaipandisha juu ya springi za pikapu na kuivalisha magurudumu makubwa. Viti vilishonwa kwa ngozi ya ng'ombe, ya madoa meusi na meupe. Milango ilifungwa kwa vipande vya mpira. Rangi ilikuwa ile ya buluu iliyobaki walipopaka milango ya shule, ikaishia katikati. Nyuma ikabaki na kutu.

"Sasa inafanana na nini?" Sebarenzi aliuliza, mikono kiunoni.

"Na mbuzi iko juu ya jiwe," Kamaliza alijibu. "Lakini mbuzi inazaa."

Siku gari ilipowaka kwa mara ya kwanza, watu walikuja hata kutoka kambi ya wakimbizi kuitazama. Haikuwa na kioo cha mbele, hivyo Sebarenzi alivaa miwani ya watu wa pikipiki. Aliketi wima kama askofu, akaenda mpaka mtoni, na akarudi anasukumwa. Vijana wa chukudu, wenye kushusha makaa kwa baiskeli zao za mbao, walimpita wakimwuliza kama anahitaji kubebwa. Kamaliza alicheka mpaka akashika mti. Alimcheka mbele ya watu, na usiku hakuomba radhi.

Picha ya gari ilisambaa kwenye simu. Mwezi uliofuata akaja Prince kutoka Goma, kijana mwenye viatu vyeupe, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta magari ya zamani kwa ajili ya matajiri. Kamaliza alifurahi. Alimtandikia kitambaa kwenye kiti, akamletea mashanza kwenye kikombe kizuri.

Prince hakukaa. Aliizunguka gari, akainama, akagusa nundu kwa kidole kimoja, kisha akafuta kidole.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi na fundi yangu," alisema Sebarenzi, akitabasamu.

"Munajua hii gari ilikuwa nini? Dunia nzima zimebakia chache. Nyinyi mukaifunga na mipira na ngozi." Akatikisa kichwa. "Mungeiacha vile ilikuwa, ningewapa kitu. Sasa njo nitaichukua kama vyuma tu, juu ya huruma. Bantu ya mulima mungebakia na ng'ombe zenu."

Sebarenzi alitazama chini. Akasema polepole, "Kama bosi anaona vile, basi achukue."

Kamaliza alikuwa bado ameshika kikombe. Prince alikiona, akakisukuma kwa nyuma ya mkono. "Mama, asante. Tumbo yangu haijazoea vitu ya huku."

Hapo Kamaliza akaweka kikombe chini.

"Ile gari ilikaa na kuku miaka yote," alisema. Sauti yake haikupanda. "Wewe ulikuwa wapi? Ulipitia huku ukaifuta hata mavi?"

"Mama, mimi nazungumuza na Papa."

"Unazungumuza na mimi. Ile gari ni mutamba wangu. Bwana yangu ni mujinga, hiyo ninajua, nilimwambia mbele ya kijiji muzima. Lakini iko mujinga wangu. Wewe umetoka Goma kuja kumucheka hapa kwake, ndani ya lupango yake, na maziwa yake hutaki. Vyuma tafuta kwengine."

Prince alimtazama Sebarenzi, akingoja mwanamume aamue. Sebarenzi alikuwa anamtazama mkewe. Kijana akapanda jipi yake, akaondoka.

Asubuhi Kamaliza alimkuta mumewe chini ya gari na spana, anafungua springi.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha namna ilikuwa. Ule kijana alisema kweli, tumeiharibu."

"Mumeiharibu sana," alisema Kamaliza. "Rudisha hizo vitu. Soko ni leo, na mabidoni ya mashanza yamejaa."

Walipakia mabidoni, yale madumu ya maziwa, nyuma ya viti. Moteri iliwaka baada ya majirani kusukuma, Kamaliza akiwa miongoni mwao, kitenge kimefungwa juu ya magoti. Kisha akapanda. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walikufa kwa kicheko, wakasahau kuwadai chochote. Kamaliza aliwatazama kama anavyotazama wateja wanaoonja bila kununua. Mweso walifika bomba la moshi likiburutika chini, na mashanza yakaisha kabla ya saa sita, maana watu walikuja kuona gari na wakaona haya kuondoka mikono mitupu.

Wakati wa kurudi mvua iliwakuta njiani, bila paa. Kamaliza aliugua kifua wiki nzima, na kila alipokohoa alimtukana mumewe, na Isidore, na ukoo wote wa Isidore. Wiki iliyofuata alituma mtu amwite Isidore kutoka Mubi, aje aweke paa.