Nimepokea

Sabiha alistaafu jeshi akiwa sajini wa mawasiliano, lakini pumziko alilolitamani hakulipata. Kampuni moja ya ulinzi mjini Tanga ilimweka kwenye chumba cha redio, awasiliane na walinzi waliotawanyika mpaka Pongwe. Walinzi wale walizungumza redioni kama wamekaa barazani.

"Dada Sabiha, umeamkaje? Huku mvua tu," Uweso, mlinzi wa ghala la mkonge, alimwambia asubuhi moja.

"Lindo lako salama? Ova."

"Sawa sawa."

"Sawa ya nini, Uweso? Umenisikia, au lindo ni salama?"

"Vyote, dada."

Alikuwa amechoka kuwafundisha. Jeshini, "nimepokea" maana yake ujumbe umefika masikioni, basi. Anayekubali kufanya alichoambiwa husema "nitatekeleza". Sabiha aliwahi kuona gari la askari likingojwa kutwa nzima kwa sababu mtu alichanganya maneno hayo mawili.

Hajamalizana na Uweso, simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, Bi Muzna, kutoka Mwera, ng'ambo ya kivuko cha Pangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Macho yamezidi ukungu. Alhamisi uje unipeleke hospitali ya Bombo."

"Nimepokea, mama," akasema, na huku lindo jingine likimwita redioni, akakata simu.

Alikusudia kuangalia zamu zake kwanza, kisha ampigie ampe jibu. Wiki hiyo mwenzake akaugua. Sabiha akawa anaunganisha zamu, anasinzia kitini, na ile simu ikamtoka kichwani.

Ijumaa alipigiwa na Badru, jirani wa mama yake.

"Mama yako jana kashinda barabarani," Badru alisema. "Kavaa baibui lake la safari, kaketi juu ya ndoo. Kila pikipiki ikitokea upande wa kivukoni, anasimama. Tumemrudisha ndani magharibi."

Sabiha aliomba ruhusa, akapanda basi la Pangani na sare mwilini, akavuka kivuko, akachukua bodaboda. Alimkuta mama yake kitandani, kageukia ukutani.

"Mama, sikusema nitakuja. Nilisema nimepokea."

"Ulipokea nini?"

"Ujumbe wako. Kwamba nimeusikia."

Bi Muzna akageuka polepole, akamtafuta kwa yale macho yake. "Sikukupigia nijue kama masikio yako mazima."

Kanuni aliyoitumikia miaka yote ilikuwa sahihi, na mama yake alikuwa ameungua jua. Sabiha akavua buti, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe, mama."

"Umechoka," mama akasema.

"Nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Jinyooshe hapo."

Jumatatu walikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, nyuma ya foleni ndefu. Ilipofika zamu yao daktari alisema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa mwezi ujao.

"Nani atanileta?" Bi Muzna aliuliza walipotoka.

"Mimi. Nitakuja Mwera siku moja kabla, nilale, asubuhi tutoke pamoja."

Mama alikunja kadi ya kliniki, akaitia mkobani, kisha akauliza kama hapo karibu kuna mahali pa kupata chai.